Figo Iliyokuwa Njiani

Nkubu, Meru
11 Januari 2024

Kwa Muriuki, mdogo wangu,

Barua hii anakuletea Eric, yule wa Lakeville huko kwenu, aliyekuja kumzika mama yake. Nimemwambia akupe mkononi, asiiache mlangoni. Usiniulize kwa nini sikuandikii kwa simu. Kwa simu wewe unacheka. Tangu utotoni ukibanwa unacheka, na mtu anakata simu akidhani mambo ni sawa. Kwa karatasi hutaweza kunichekea.

Miezi miwili unasafishwa damu kwa mashine, na mimi nimekuja kujua siku ya mwaka mpya. Tena hukuniambia wewe. Maombi alinipigia kunitakia heri, akaniuliza kama bado nakuombea. Nikamuuliza, nikuombee kwa jambo gani? Maskini mke wako alidhani najua. Nilikaa kwenye ngazi ya maabara nikiwa na glavu mkononi mpaka wenzangu wakaja kuniinua. Miaka ishirini na mbili napima damu za watu nisiowajua, na figo za ndugu yangu zimekufa nyuma ya mgongo wangu.

Najua utasema hukutaka kunipa wasiwasi. Ndiyo desturi yetu, aliye mbali haambiwi. Baba alipovimba miguu akafa, wewe ulikuwa shule ya bweni, kidato cha pili, na hatukukuambia mpaka ukaja likizo ukakuta kaburi limeota nyasi. Ulilia ukasema hutatusamehe. Sasa umenifanyia yale yale. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe methali hiyo unaijua tangu darasa la nne.

Basi sikiliza. Mimi ni kundi O kama wewe. Nina miaka arobaini na tisa, sijawahi kulazwa isipokuwa kwa kujifungua. Nina figo mbili, na moja ni yako. Hilo si la kujadili. Nitumie fomu za huko.

Na uniandikie kila kitu. Madaktari wanasema ni nini kilichoziua?

Dada yako,
Nkatha


Richfield, Minnesota
17 Februari 2024

Dada Nkatha,

Eric aliniletea barua yako, akasimama pale pale mpaka nikamaliza kuisoma. Nadhani ulimlipa.

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti. Ni kiti cha kulala nusu, na ninakikalia Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne na nusu. Mkono wa kushoto una sindano mbili, moja inatoa damu, nyingine inairudisha, na siruhusiwi kuusogeza. Waliponiuliza waunganishe mshipa wa mkono gani kwa ajili ya sindano hizi, niliwaambia wa kushoto, kwa sababu wa kulia ni wa kula na wa kukuandikia wewe. Unaona, hata kabla hujanigombeza nilikuwa nimekufikiria.

Mashine inaleta baridi ya ndani ya mifupa. Jirani yangu wa kiti anaitwa Susan, mama wa miaka sabini, amenipa blanketi lake la pili. Ananiuliza kila siku kama kwetu kuna simba. Nimemwambia simba wa kwetu wote wamehamia Texas.

Kazi sijaacha kabisa. Nafanya shifti mbili kwa wiki kule Saint Louis Park, nyumba ya wazee. Nawaosha, nawalisha. Kuna babu mmoja wa miaka tisini na nne, kila asubuhi namwaga mkojo wake kutoka kwenye mfuko, lita nzima, rangi safi kabisa. Mimi mkojo nausikia kwa wenzangu sasa. Dada, sikujua kwamba mtu anaweza kuonea wivu kitu kama hicho. Siku za mashine nimeacha ku-drive, narudi na basi, nalala mpaka jioni.

Umeuliza sababu. Wanasema ni presha. Ya siku nyingi, isiyopimwa. Basi, ni hiyo tu.

Figo yako nilitaka nikuambie ukae nayo, lakini Maombi amesema kiburi cha watu wa Meru hakiwezi kuchuja damu. Fomu nimeziweka ndani. Na kabla hujauliza, mtoto bado. Huu ni mwaka wa tisa. Mimi ndiye mwana wa kiume peke yangu, na jina la Baba bado linangoja mtoto wa kulibeba. Najua wazee wa ukoo wanaulizana.

Wako,
Muriuki


Nkubu
20 Machi 2024

Muriuki,

Fomu nimezijaza. Vipimo vya kwanza nimeanza Nairobi, na damu zetu zimekubaliana vizuri hata daktari akafurahi.

Sasa nirudi kwa hiyo presha yako. Umeandika sentensi tatu fupi, na wewe huandiki sentensi fupi ila ukiwa na jambo. Kwa hivyo nitauliza mwenyewe. Zile sindano uliacha lini?

Usijifanye umesahau, maana mimi sijasahau. Mwaka wa 2018 ulinitumia picha ya karatasi. Maombi alikuwa hashiki mimba, na wewe uliona haya kumwambia daktari mzungu mambo ya chumbani, ukanunua kile kipimo cha mkojo cha kutumwa kwa posta. Ukaniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye daktari wa familia, ingawa daktari sijawahi kuwa. Nilitazama namba, nikatazama mstari wa kawaida. Sisi watu wa maabara tunafundishwa hivyo, namba ikishuka chini ya mstari unaandika iko chini. Nikakuambia homoni yako ya kiume iko chini sana. Sikukuambia ujidunge. Nimejisemea hivyo wiki nzima, sikumwambia ajidunge. Lakini nakumbuka pia nilisema upungufu hujazwa. Hilo nililisema, na niliona nimesema jambo la maana.

Jambo lingine. Nimekuwa nikimfikiria Baba. Miguu iliyovimba, uso uliovimba asubuhi, pumzi fupi, maji yasiyotoka. Leo mtu akiniletea dalili hizo nachukua mkojo wake kabla hajakaa. Sisi tulisema ametiliwa sumu. Tukamnyima Baba Mdogo salamu miaka ishirini na mitatu kwa sababu ndiye aliyekuwa amekunywa naye uji wa mwisho. Jumapili nilimpelekea sukari na majani ya chai. Alipokea mlangoni, akashukuru, hakunikaribisha ndani. Sikumlaumu.

Nijibu kuhusu sindano.

Nkatha


Richfield
4 Mei 2024

Dada,

Umeuliza, nitakujibu. Sikuacha.

Nilianza mwaka ule ule. Mtu mmoja wa jimu aliniuzia chupa ya kwanza. Nilikuwa najidunga pajani kila Jumapili kabla ya kanisa, nimejifungia bafuni, Maombi akidhani nanyoa ndevu. Kila baada ya miezi minne nilinunua kipimo kingine cha mkojo, nikakitia posta, nikangoja. Namba ilirudi chini. Nikaongeza dawa. Ikarudi chini tena, nikaongeza tena. Ungeniona ungecheka. Kifua kimejaa, shingo ya fahali, sauti imeshuka hata kwaya wakanihamishia besi, na karatasi inasema sina kitu. Miaka mitano nilijaza mtungi nikidhani umetoboka.

Daktari wa figo hapa ni mama mmoja mpole. Alinitazama mabega, akatazama damu yangu ilivyokuwa nzito, akaniuliza mara moja tu. Nikamwambia. Akapima ile homoni kwenye damu, si kwenye mkojo. Ilikuwa mara sita ya inavyotakiwa. Nikamletea zile karatasi zangu zote, nilikuwa nimezihifadhi kwenye faili pamoja na vyeti vya shule. Alizisoma, akaagiza nipimwe jeni.

Wewe utaelewa kuliko mimi. Mwili ukitaka kutoa ile homoni kwa mkojo, kwanza huifunga na kitu cha jamii ya sukari ili iyeyuke kwenye maji. Kuna jeni ya kazi hiyo, na mimi sina. Sikuipata kwa Baba wala kwa Mama. Anasema si ugonjwa, watu wengi duniani hawana na wanazeeka vizuri, ila mkojo wao unaonyesha kidogo hata damu ikiwa imejaa. Kwa hivyo tangu mwanzo sikuwa na upungufu, Dada. Nilikuwa mzima. Pengine tulihitaji kungoja tu. Zile sindano ndizo zilizofunga mlango, maana dawa ikiingia kutoka nje mwili huacha kutengeneza mbegu. Nilipomweleza Maombi, alitoka nje bila koti, theluji inaanguka, akasimama kwenye maegesho muda mrefu.

Nilimuuliza daktari kama kukosa jeni hiyo ndiko kulikoniua figo. Alisema hakuna ajuaye sawasawa, bado wanachunguza. Presha tuliyorithi, sindano, damu nzito, na homoni isiyopata njia ya kawaida ya kutokea. Vyote vilinikuta mimi mmoja, hawezi kuvitenganisha.

Nilikukasirikia miezi mitatu, sitakudanganya. Nilikuamini kuliko mtu yeyote mwenye koti jeupe wa huku. Ndiyo sababu sikukuambia nimeanza mashine. Nilijua utauliza sababu, na nikikujibu utajilaumu. Sasa hasira imekwisha. Hukujua. Hakuna aliyejua. Usijibebeshe mzigo huo, tafadhali.

Muriuki


Nkubu
6 Julai 2024

Ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma mara moja nikaifungia kwenye sanduku la nguo. Asante kwa kusema sikujua.

Vipimo vinaendelea vizuri. Vimebaki vidogo vidogo, na ubalozi wamenipangia siku mwezi wa kumi na moja. Usiwe na haraka na usiwe na wasiwasi. Kula vizuri, uogope ndizi na parachichi kama walivyokuambia.

Mimi nimeacha chumvi ili kujiandaa. Pete ya ndoa nimeivua, inanibana siku hizi, nadhani nimenona kwa furaha ya kusafiri. Mwambie Maombi anitafutie viatu vya theluji, namba saba, vile vipana. Watoto wanakusalimu. Mvua ilikuwa nzuri na chai tumechuma.

Sina mengi leo, macho yanachoka mapema.

Nkatha


Richfield
14 Septemba 2024

Dada Nkatha,

Leo nakuandikia nikiwa na furaha, na mimi nilikuwa nimesahau inavyoandikwa.

Wa hospitali wamesema wewe ukifika Desemba, na vipimo vyako vya mwisho vikiwa sawa, tunaweza kuingia chumba cha upasuaji Januari. Januari, Dada. Maombi amehamisha cherehani yake kutoka chumba kidogo, ameweka kitanda na pazia la kijani. Viatu vyako vya theluji viko mlangoni tangu Agosti, vipana kama ulivyotaka, na kila anayeingia kwetu anauliza ni vya nani. Tunasema ni vya figo.

Nina jambo la kukuambia usikie kutoka kwangu. Kuna muuguzi mwenzangu kazini, Stacy, binti wa hapa, mwenye roho nzuri. Nilianguka korido mwezi wa saba, akanishika. Bila kuniambia alienda akapimwa. Yeye pia ni O, na wakamwambia anafaa, wangeweza kunifanyia mwezi huu wa tisa. Alikuja kuniambia mwanzoni mwa mwezi wa nane, tukiwa tunabadilisha mashuka, kana kwamba ananipa lifti ya kwenda mjini.

Nilimshukuru, nikamwambia dada yangu yuko njiani. Maombi aliniambia nifikirie tena. Lakini ningefikiria nini? Wewe umeenda Nairobi na kurudi, umedungwa, umeacha chumvi, umeomba siku ya ubalozi. Nikuambie sasa usije, nimepata ya mzungu? Kitu kama hicho kwetu hupokelewa kwa damu yako kwanza. Mtu wa damu yako akikupa, mnakula meza moja mpaka mwisho, hakuna deni. Stacy ningemtazamaje kila asubuhi? Alielewa. Alisema basi ataendelea na mambo yake.

Orodha ya wanaongoja figo za marehemu nipo, ila kwa kundi letu wanasema miaka minne au mitano. Tunamshukuru Mungu kwamba hatuihitaji.

Usije bila majani ya chai.

Ndugu yako,
Muriuki


Nkubu
12 Oktoba 2024

Muriuki,

Mrudie Stacy. Kabla hujasoma mstari mwingine, mpigie simu umwambie umebadili nia.

Barua yako imenifika leo saa tano. Nimekupigia mara tisa, simu imezimwa. Maombi haichukui. Nimekutumia ujumbe, tiki ni moja tu. Kwa hivyo naandika. Philister wa kwa katekista anasafiri kesho asubuhi kurudi huko, na nimemwapisha aje kwako kutoka uwanja wa ndege moja kwa moja.

Sina figo ya kukupa. Nimejua tangu tarehe tatu Juni. Nairobi walinipigia kwamba damu yangu ina shida, sikuwaamini, nikajitoa damu mwenyewe nikaipitisha kwenye mashine yangu. Namba ikaja mbaya. Nikasema mashine imeharibika, nikabadilisha dawa yake, nikapima tena. Nikapima damu ya mfagiaji wetu, ikatoka safi. Nikapima yangu mara ya tatu. Figo zangu zinafanya kazi asilimia kumi na tisa. Ni presha, kama ya Baba, na mimi miaka yote nafunga mkono wa wengine kile kipimo na sijawahi kuufunga wangu. Miguu imevimba. Ndiyo sababu niliagiza viatu vipana.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu uko mbali. Kwa sababu ulikuwa umeandika kwamba hasira imekwisha, na nilitaka ubaki na kitu cha kungoja. Nilijiambia pengine Mungu atafungua njia nyingine kabla ya Desemba, kisha nitakuambia pole pole. Mungu akafungua, ukaifunga kwa ajili yangu.

Sasa la mwisho, kwa sababu sitaweza kuandika tena nikilibakiza. Uliandika kwamba sikujua. Mwaka wa 2018 sikujua. Mwaka wa 2021 tulipelekwa mafunzo Embu, siku tatu. Siku ya pili mwalimu alisema kuna watu wasio na jeni fulani, mkojo wao hauonyeshi homoni, usimhukumu mtu kwa mkojo peke yake, tazama damu. Nililiandika kwenye daftari, na pembeni nikaandika herufi ya kwanza ya jina lako. Daftari ninalo. Ile jioni nilishika simu. Ulikuwa umenitumia picha wiki hiyo, mabega makubwa, unacheka, na ulikuwa umeandika: daktari wetu, umeniokoa. Niliona haya. Nikaiweka simu chini. Nikajiambia huenda ameshaacha. Wakati huo figo zako zilikuwa bado zinafanya kazi.

Mpigie Stacy.

Nkatha


Richfield
9 Novemba 2024

Da Nkatha,

Ni miye Maombi, bibi ya Muriuki. Unisamehe Kiswahili yangu ya Bukavu, mwenyewe hawezi kuandika kwa sasa.

Siku ulipiga simu tulikuwa hôpital. Maji ilimujaa mu mapafu, akashindwa kupumua, walimuwekea bomba mu mdomo siku sita. Simu zilikufa mu sac yangu, sikukumbuka hata kuzitia moto ya umeme. Philister alileta barua siku ya pili yake. Niliisoma peke yangu kwanza mu couloir, inje ya chumba yake. Nilikuwa na kasirani mingi juu yako, nakuambia kweli.

Sikumungoja aamuke. Nilipanda bus mpaka Saint Louis Park, nikamungojea Stacy ku mlango wa kazi. Nilimuelezea na anglais yangu mbaya. Nilisema bwana yangu alikosea, dada yake haiko na figo, tafadhali. Alinishika mkono, akauweka ku tumbo yake. Iko na mimba ya miezi miwili na nusu. Alisema yeye na bwana yake walikuwa wanangojea operesheni ipite kwanza, na Muriuki alipomukatalia, wakasema basi, tuanze familia. Docteur hawezi kumupasua mpaka azae, na hata kisha wanangoja. Alilia kuliko miye. Miaka kenda nimelia juu ya mimba, Da Nkatha, sikuwaza nitakuja kulia hivi juu ya mimba ya mtu mwingine.

Muriuki alipotolewa bomba, aliuliza barua. Nilitaka kumuficha. Lakini niliona sisi wote tumefikishwa hapa na kufichana, nikamusomea yote. Alisikiliza. Akaniomba nisome tena pale pa 2021. Nikasoma. Akageuka ku ukuta. Tangu ile siku hajasema jina yako.

Moyo wake umelegea sana sababu ya ile maji. Docteur wamemutoa ku orodha ya wenye kungojea figo. Wanasema ni kwa muda.

Usimupigie simu. Akitaka ataandika yeye mwenyewe.

Viatu yako iko ingali ku mlango. Sijui niiweke wapi.

Maombi


Richfield
1 Machi 2025

Dada,

Nimekaa miezi minne tangu nisomewe barua yako bila kukuandikia. Kila Jumamosi nilikuwa nakuja na karatasi kwenye kiti hiki, na kila Jumamosi nairudisha nyumbani tupu.

Sijakusamehe. Nimejaribu, na mchungaji amekuja mara mbili, lakini nikifika ile jioni ya Embu nakwama. Naona simu mkononi mwako. Naona ukiiweka chini. Kisha namkumbuka mtu aliyejifungia bafuni miaka mitano, na aliyekaa miezi miwili kwenye mashine akimchekea dada yake kwa simu, nashindwa nianzie wapi kukuhukumu. Hakuna aliyemtakia mwenzake mabaya. Tulioneana huruma mpaka tukauana.

Stacy atajifungua Mei. Alikuja kunisalimu, anatembea kwa shida. Alisema wakipata mvulana watampa jina langu la pili, lile la Baba, kama nitakubali. Nilikubali. Wazee wa ukoo usiwaambie, hawataelewa, na mimi mwenyewe sijui kama nimeelewa. Susan wa blanketi hayupo tena. Jumanne moja kiti chake kilikuwa kitupu, Alhamisi kikawa na mtu mwingine.

Moyo wangu haujarudi. Orodha hawaitaji tena, na mimi simuulizi tena daktari. Ninalala nikiwa nimekaa. Maombi amekunja lile pazia la kijani, cherehani imerudi chumbani.

Juzi Eric alinipigia akiwa huko. Amesema mlimkataza kuniambia, ndipo akaniambia. Kwamba wameanza kukusafisha damu wewe pia, Meru mjini, mara mbili kwa wiki, kwa mpira waliokuwekea shingoni, na mshipa wa mkono bado hawajaunganisha. Kwamba ulipoteza fahamu maabara, ukiwa na chupa ya mkojo wa mtu mkononi.

Kwa hivyo naandika, kwa sababu mambo haya hakuna atakayekuambia. Nenda na blanketi, lile zito la sufi, hata kama jua ni kali. Usile saa mbili kabla ya mashine. Miguu ikikaza, omba wapunguze kasi, usione haya. Wakikuuliza waunganishe mshipa wa mkono gani, waambie wa kushoto.

Mimi nakaa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Huko inakuwa saa tisa alasiri. Kama wana zamu ya alasiri, iombe.

Muriuki